Pesa Isiyo na Chombo

Raheli Mazengo alikuwa ameliota bwawa tena. Ndoto ni ileile, miaka thelathini na moja sasa: maji ya Hombolo yametulia, juu yake linaelea beseni jeupe la hospitali, naye yuko ukingoni akiita jina ambalo hata mwenyewe halisikii. Safari hii beseni lilianza kusogea kumjia. Aliamka kifua kizito, akahisi kama maziwa yamerudi, na asubuhi hiyohiyo akafunga safari ya Dodoma mjini, ofisi ya kodi, mahali ambapo mtu mwenye akili zake haendi mpaka aitwe.

Na yeye alikuwa ameitwa. Ana kibanda cha zabibu na juisi, ana namba ya mlipakodi, na kwenye simu anayopokelea pesa za wateja zilikuwa zimeingia milioni nne kwa mkupuo mmoja.

"Shikamoo mama," alisema Anitha, binti aliyekaa nyuma ya meza.

"Marahaba mwanangu."

"Hizi milioni nne ni za nini?"

"Zawadi. Kanitumia mwanangu wa Kondoa, Suleiman."

Anitha alisoma kitambulisho cha Raheli, akasoma jina la mtumaji, Suleiman Hasani. Majina hayo hayakusalimiana hata kidogo.

"Zawadi ya mtu kwa mtu haina neno, mama. Ikiwa si malipo ya mali wala ya kazi, hatuihesabu kwenye mapato ya biashara. Wewe ulimpa chochote?"

Hapo ndipo mtu mjanja angekohoa na kuuliza choo kiko wapi. Lakini Raheli alilelewa na bibi ambaye kwake chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukiletewa unga kwenye ungo, ungo utarudi japo na konzi ya karanga. Pesa ya simu haina chombo, na jambo hilo lilimnyima raha siku mbili nzima, mpaka alipopata la kufanya. Basi akajibu kwa fahari ya mtu aliyefunzwa akafunzika.

"Nilimpelekea makreti matatu ya zabibu. Tena zile za kuchagua."

Anitha akaweka kalamu chini. "Mama, pesa imekuja, zabibu zimekwenda. Hayo ni mauzo."

"Makreti matatu kwa milioni nne? Nani ananunua hivyo, mwehu?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Hata Anitha alitabasamu, kisha akainama na kuongea kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa. "Sikiliza mama. Tuandike mauzo. Kodi yake haitakuumiza, na unaondoka sasa hivi."

Ni kweli isingemuumiza. Pesa ilikuwepo, na jua la saa sita lilikuwa bado halijawaka. Lakini neno lile, mauzo, lilimkaa Raheli kooni. Pangaboi lilizunguka polepole juu ya vichwa vyao, naye akawa hayupo tena pale. Alikuwa wodini, kwenye shuka jeupe lenye harufu ya dawa, na Luka wake alikuwa amezikwa jana yake, mtoto wa siku nne. Maziwa hayakuwa na habari ya msiba. Yalitoka tu, yakailowesha kanga, na kitanda cha pili mwanamke wa Kondoa aitwaye Shamila alikuwa anaungua na homa, pembeni yake kichanga kinalia mpaka sauti imekauka. Raheli alikichukua bila kuulizwa. Akakinyonyesha siku arobaini, akakirudisha kwa mama yake aliyepona, na tangu hapo hakulisema kwa mtu. Mwaka jana Shamila alipokuwa anakata roho ndipo alipomwambia mwanawe.

"Mama?" Anitha alikuwa anamwita. "Tuandike?"

"Usiandike," alisema Raheli. "Mpigie mwenyewe umuulize."

Anitha akapiga, akaweka spika. Suleiman alikuwa kwenye ghala lake la alizeti, magunia yanasikika yakishushwa.

"Kaka, ulinunua nini kwa huyu mama?"

"Kununua?" Magunia yakanyamaza. "Dada, mimi nilinyonya kwake siku arobaini. Kwa dini yetu huyo ni mama yangu, basi. Zile zabibu nimezigawa msikitini Ijumaa. Watu wakauliza zimetoka wapi, nikawaambia, kwa mama, Hombolo."

Foleni haikucheka tena. Anitha alijifuta jicho kwa kiganja, akamwomba Suleiman barua yenye saini. Haikupita nusu saa picha ya barua hiyo ikaingia kwenye simu. Akaandika, kisha akamsomea Raheli alichoandika ili athibitishe.

"Shilingi milioni nne. Si mapato ya biashara. Zawadi. Mtoaji, Suleiman Hasani, mtoto. Mpokeaji, Raheli Mazengo, mama."

"Soma tena hapo mwisho."

"Mpokeaji, Raheli Mazengo, mama."

Watu wote humwita mama, maana mwenye mvi ni mama wa kila mtu. Lakini Luka hakukaa duniani muda wa kutosha watu wakazoea kusema Mama Luka, na hakuna ofisi iliyowahi kumwandikia cheti, si cha kuzaliwa wala cha kufa. Raheli alilitazama lile neno likiwa limekaa kwenye karatasi ya serikali, jeusi, limenyooka.

"Nipe nakala," alisema.

"Ya nini tena, mama? Hudaiwi kitu."

"Najua, mwanangu. Nipe yenye mhuri."