Swali Lililosimamisha Foleni

Kwa Mama Dobi kulisifika kwa mambo mawili: hakuna doa lililowahi kuwashinda, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka upesi. Wino, grisi ya gari, chai ya maziwa iliyolala wiki nzima, vyote vilitoka. Asiyetoka alikuwa mteja. Alifika na risiti yake, dada wa kaunta akaandika namba kwenye kompyuta, akabonyeza, kisha wote wawili wakaanza kukitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo kama watu wanaosubiri maji yachemke. Nyuma ya kaunta nguo zilizofuliwa zilining'inia safu kwa safu ndani ya mifuko ya nailoni, na mtu aliweza kuiona suruali yake kwa macho yake mawili, lakini hakupewa mpaka kompyuta iridhie. Dada wa kaunta alikwisha kufuma sweta zima la mtoto wa dada yake katika kusubiri huko, na mtoto mwenyewe alikwisha kukua likambana.

Kijana aliyeitwa kuja kuliponya tatizo hilo, ambaye wote pale walimwita Fundi, hakuitwa kwa sababu ya vyeti vyake. Aliitwa kwa sababu alitaka kuoa. Binti pekee wa Mama Dobi alikuwa amemtambulisha nyumbani, na Mama Dobi, baada ya kuitikia shikamoo yake na kumtazama kuanzia kola hadi kiatu kwa jicho la kazi, alisema kwamba maneno ya mdomoni kila mtu anayo. Jumapili wazazi wa pande mbili wangekaa kuzungumza. Kabla ya Jumapili, foleni iishe. Isipoisha, wazazi wakae wanywe chai, warudi makwao.

Fundi alicheka moyoni, kwa sababu kazi ya kuharakisha hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, ndiyo iliyokuwa ikimpa ugali. Alifika Jumatatu na mkoba wake na majivuno kidogo, akapewa meza nyembamba kati ya chumba cha pasi na ofisi ya mama mkwe wake mtarajiwa, mahali ambapo mvuke ulimpiga shavu moja na macho ya Mama Dobi, kupitia dirisha la kioo, yakampiga shavu la pili.

Kosa lake la kwanza lilikuwa la vijana wote wa fani hiyo: alipenda zana kabla hajaujua ugonjwa. Alianza na programu moja maridadi iliyochora afya ya kompyuta kwa milima na mabonde ya rangi. Mchoro ulikuwa mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Mama Dobi alikuja akasimama nyuma yake, akautazama, akauliza ule wekundu maana yake nini. Fundi akasema maana yake kompyuta ni nzito. Mama Dobi akamjibu kwa upole kwamba hilo hata muuza karanga wa nje alilijua, akarudi ofisini kwake.

Jumanne alichagua zana nyingine, hii ya kutoa ushauri. Ilichunguza nguo zote zilizowahi kupita pale ikapendekeza faharasa, yaani orodha za pembeni zinazoionyesha kompyuta pa kuangalia bila kupekua kila kitu. Ilipendekeza nyingi, na Fundi, kwa haraka ya mtu aliyependa, akaziweka zote. Kuchukua nguo hakukuwa kwepesi zaidi, na sasa hata kuleta nguo kukawa balaa, kwa kuwa kila shati jipya lilipoingia kompyuta ilibidi ikaliandike katika kila orodha, kama mgeni anayelazimika kusalimia ukoo mzima kabla ya kuonyeshwa kiti. Foleni zikawa mbili, ya kuleta na ya kuchukua, zikakutana mlangoni zikaanza kugombana. Dada wa kaunta alianza sweta la pili.

Jioni ile mchumba wake alimpigia simu akamwambia mama amerudi nyumbani akiimba. Fundi akauliza hiyo ni dalili nzuri au mbaya. Mchumba akamuuliza kama bado ana zana nyingine, na Fundi akaelewa.

Jumatano akainamisha kichwa. Aliziondoa zile faharasa za pupa, akaiacha milima ya rangi, akawasha kitu ambacho angekiwasha tangu siku ya kwanza kama asingekuwa na haraka ya kuonekana hodari: daftari la hifadhidata yenyewe, lisilo na rangi wala mchoro, ambalo huandika tu kila swali linalochukua muda mrefu, limetoka kompyuta ipi na limeulizwa kwa maneno gani. Aliliacha asubuhi nzima likiandika. Mchana akalifungua.

Maswali ya kaunta hayakuwa na hatia. Kila moja lilikuwa dogo na la haraka, ila yote yalikuwa yamebanwa nyuma ya swali moja kubwa lililojirudia tangu duka lilipofunguliwa mpaka watu walipokwenda kula. Halikutoka kaunta. Lilitoka kompyuta ya ofisini, ile ya nyuma ya dirisha la kioo. Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi alijisemea, akaanza kutabasamu, akasoma maneno ya swali lenyewe, na tabasamu likakatika.

Mama Dobi alikuwa akiiambia kompyuta ipekue kila nguo tangu duka lianze, itafute popote katika maelezo ya madoa maneno haya: rangi ya mdomo, zambarau, kola. Kisha imletee mwenye shati.

Mwenye shati alikuwa amekaa pale pale kwenye meza nyembamba, jasho likimtoka kwa sababu isiyohusiana na mvuke wa pasi.

Maana binti alikuwa amemwambia mama yake kwamba yeye na Fundi wamejuana miezi mitatu tu iliyopita, kwenye harusi ya rafiki. Ukweli ni kwamba walijuana tangu mwaka juzi. Na jioni moja ya mwaka juzi huo binti alimwegemea begani kwa furaha, akamwachia kwenye kola midomo miwili ya zambarau, na Fundi, katika madobi wote wa mji, akalipeleka shati lake kwa huyu huyu. Hakujua. Alipomsimulia mchumba baadaye, mchumba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka ghafla, akamwapisha asije akalitaja jambo hilo maishani mwake. Mama, alisema, husamehe doa lolote isipokuwa uongo.

Fundi akalichunguza tena lile swali na kuona kwa nini lilikuwa halimaliziki. Maelezo ya madoa yaliandikwa kwa maneno matupu, lolote likae popote, na kompyuta haikuwa na njia ila kusoma kila nguo kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Ni kama kuingia kule nyuma kwenye safu: ukija na namba, utaletewa nguo yako mara moja, lakini ukisema unataka gauni lililokatika kitufe, itabidi kila mfuko ufunguliwe. Swali lilipozidi muda, kompyuta ilichoka ikaandika: "Muda umekwisha, jaribu tena." Na Mama Dobi, mwanamke asiyetii mtu, alikuwa akiitii kompyuta.

Alitoka nje akampigia mchumba. Mchumba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hakuna namna ya kulikata hilo swali. Ilikuwepo, tena nyepesi: unaiwekea hifadhidata amri kwamba swali lolote likizidi sekunde chache linyongwe. Kaunta ingepumua, foleni ingeisha, na Mama Dobi asingepata jibu lake hata angebonyeza mpaka kidole kiote sugu.

"Basi kata," mchumba akasema. "Tuoane kwanza. Tutaungama tukishazaa."

Fundi akarudi mezani akaiandika ile amri. Ilikuwa ya mstari mmoja. Kilichobaki ni kubonyeza. Aliwaza hata lililo baya zaidi, kuyafuta yale maelezo ya doa kabisa, kwani wapi pa kufuta doa kama si kwa dobi? Kidole kikiwa hewani, akainua macho akamwona Mama Dobi kupitia dirisha. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, ameegemeza shavu kwenye kiganja, anakitazama kile kiduara. Kompyuta ikamwambia ajaribu tena. Hakukasirika. Alivuta pumzi, midomo yake ikasema kitu kama "haya, tujaribu," akabonyeza. Haukuwa uso wa mtu anayemwinda mtu. Ulikuwa uso wa mama mwenye wasiwasi, na Fundi akaona aibu, aibu ya kweli. Mtu anauliza swali lake kwa uvumilivu wote huo, na yeye, aliyeitwa fundi, dawa yake ni kulinyonga.

Akaifuta ile amri. Akakaa mpaka Ijumaa akitengeneza faharasa ya maneno, moja tu, iliyoyachukua maelezo yote ya madoa na kuyapanga neno kwa neno, ili anayetafuta zambarau apelekwe penye zambarau bila kugusa khaki za watu. Alijua anajichimbia kaburi, na alilichimba vizuri, pembe zake zimenyooka.

Ijumaa asubuhi aliiwasha. Dada wa kaunta aliandika namba ya mteja wa kwanza, akabonyeza, akaokota sindano zake za kufumia, akaambiwa na mteja kwamba jibu limekwisha kuja. Aliitazama kompyuta kwa chuki. Foleni ikayeyuka, mlango ukabaki wazi, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia kwamba pasi za kule ndani zina sauti.

Kisha likasikika dirisha la kioo likigongwa.

Mama Dobi hakumwambia akae. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mmoja: shati jeupe la kiume, doa la rangi ya mdomo, zambarau, kwenye kola. Pembeni yake tarehe ya mwaka juzi na namba ya simu ambayo Mama Dobi aliijua, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiipigia kumwita Fundi kazini.

"Shati hili ni lako?"

"Ni langu, mama."

"Na huyu aliyekupaka?"

Fundi akatazama viatu vyake. Kichwani alikuwa na majibu mengi, yote ya uongo na yote mazuri. "Hilo sitasema, mama," akajibu. "Mimi niadhibu, lakini mtu wangu simtaji."

Mama Dobi alifungua mkoba wake, akatoa kichupa kidogo cha rangi ya mdomo, akakivua kifuniko, akakisimamisha mezani kati yao. Ilikuwa zambarau.

"Hii naletewa na dada yangu kutoka mbali, mji huu mzima hakuna mwingine mwenye nayo," alisema. "Madoa yote hapa nayaandika mimi kwa mkono wangu. Mdomo niliujua siku ile ile, Fundi. Nilichokuwa natafuta ni kola."

Fundi akakitazama kile kichupa, kisha ule mstari kwenye kioo.

Mama Dobi akavua miwani. Alisema kwamba mwaka juzi aliliacha lile jambo lipite, watoto ni watoto, hata jina la mwenye shati hakulitazama; baadaye udadisi ukamzidi, akawa anaiuliza kompyuta mara kwa mara. Lakini binti alipomleta mchumba wa miezi mitatu, usingizi ulimruka, akawa anauliza kutwa. Kama lile shati lilikuwa la mwingine, basi huenda mwanawe alikuwa anaolewa huku moyo ukiwa kwa mwenye shati, na hilo si jambo la kumuuliza binti, kwa sababu binti atakujibu unachotaka kusikia. Nguo haina adabu hizo.

"Kumbe ni wewe yule yule," alisema, na sauti ikamtetemeka kidogo, akaifunika kwa kukohoa. "Uongo wenu nitaushughulikia. Jumapili njoo na wazazi wako, na shati hilo ulivae. Lilifuliwa hapa, halina doa."

"Nitakuja, mama."

"Na mwambie mwenzako, mwanangu, arudishe ile rangi nyingine. Nilikuwa nazo mbili."