Kura ya Cyril Hudak

Cyril Hudak alikuwa mmoja wa walionyoosha mkono ili kanisa letu la Mtakatifu Metodi lifungwe. Alibatizwa humo, akaoa humo, na ni kutoka humo alikomsindikiza mkewe kwenda makaburini. Tangu kiwanda cha chuma kimwachishe kazi, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kila kitu pale: bomba likivuja, Cyril, kengele ikikwama, Cyril. Hapa mjini Brannock hakuna aliyetegemea mkono wake unyooke upande ule, na dada yake Verona angekuwa wa mwisho kuamini.

Askofu alikuwa ameshasema mapadre hawapo. Padre Garrity, mzee mwenye goti bovu, alikuwa akihudumia parokia za pande zote mbili za mto peke yake, na watu walitania kwamba padre akikohoa bonde zima linaugua. Sasa sisi na jirani zetu tungekuwa parokia moja yenye kanisa moja, na kamati ya walei, waumini wa kawaida, Cyril akiwemo, ndiyo ingependekeza lipi libaki. Letu lilikuwa huku chini karibu na kiwanda, lililojengwa na Waslovakia. La Mtakatifu Kolumba lilikuwa kule mlimani, la Waayalandi. Tangu enzi za babu zetu wale wa mlimani walituita walaji kabichi, nasi tuliwaita pua juu.

Mimi ni jirani wa Verona. Jiko lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja. Tangu nifiwe na mume wangu, Jumapili nilikuwa nakula kwake, na Cyril pia. Basi nilikuwepo mezani siku Cyril alipomwambia dada yake.

"Dada, weka kijiko chini kidogo."

"Supu itapoa."

"Acha ipoe. Ile kura ya kamati. Mimi nilichagua Kolumba."

Verona alicheka, akijua anataniwa. "Nenda zako. Wewe ukae na wale pua juu?"

"Sitanii."

Alipomwona hacheki, naye akaacha kucheka. Cyril alikuwa anaangalia mikono yake.

"Boriti za paa zimeoza, dada. Nimepanda, nimechoma kisu, kikazama mpaka kwenye mpini. Pasaka ile iliyopita pande la plasta lilianguka palepale anapokaa Bibi Sabol. Bahati alikuwa na mafua, hakuja. Sitaki kuja kuwafukua watu chini ya lile dari."

"Paa hutengenezwa."

"Na nani? Angalia tuliobaki. Ukitoa wenye magongo unabaki na nani wa kushika nyundo?"

"Babu alibeba matofali ya kanisa lile akitoka zamu, hata hajanawa uso."

"Najua, Verona. Alikuwa babu yangu pia."

"Alikuwa," Verona akasema. "Kuanzia leo ni wangu peke yangu."

Akanyanyuka, akachukua sahani ya mdogo wake na kuirudisha supu sufuriani. Cyril alibaki ameshika kijiko. Alinitazama mimi, kama ningekuwa na la kusema, halafu akavaa kofia yake na kutoka. Nilimaliza supu yangu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Misa ya mwisho ilikuwa kiangazi kile. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama ukutani, wengine wametoka miji ya mbali na wajukuu wasiojua hata kupiga goti, wanapiga picha madirisha. Verona alikaa wima pembeni yangu.

"Mgonjwa hawakuja kumwona," akaniambia. "Wamekuja kuangalia jeneza."

Padre Garrity aliitoa Sakramenti kutoka kwenye tabernakulo, akaizima ile taa nyekundu, akatangulia mlangoni akichechemea nasi tukamfuata. Tulipokwisha kutoka sote, Cyril alipewa kazi ya kufunga. Ufunguo ukagoma kuzunguka. Ule mlango unataka uuvute kwako kwanza. Yeye alijua kuliko sote, lakini siku hiyo mikono haikumtii. Verona alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, anajua pia. Aligeuza uso akatazama mtoni mpaka kufuli lilipolia.

Baada ya hapo hakumsemesha tena. Kule Kolumba Verona alikataa kukanyaga. Jumapili alivaa koti, kofia na viatu vya kanisani, akakaa kwenye kochi lake kuangalia misa ya televisheni, na kupitia ukutani nilimsikia akiitikia peke yake. Cyril alipanda mlimani kila Jumapili. Peg Mulvaney, kiongozi wa kwaya ya kule, alinikuta dukani akaniuliza habari zake.

"Yule mzee wenu anakaa benchi la nyuma kama mtu anayengoja basi," alisema. "Nimemwambia aje mbele, anashukuru tu. Watu wetu nao, wacha nikwambie ukweli, hawajajisumbua sana."

Theluji ilipoanza, Cyril akawa anakuja na beleshi lake asubuhi kumsafishia dada yake njia, kama alivyofanya miaka yote. Alisafisha ngazi, akamwaga chumvi, akaondoka. Hakubisha hodi. Verona alimwangalia nyuma ya pazia. Siku moja nilimwambia, "Mfungulie basi, hata kahawa tu."

"Kwani nimemwita?"

"Ni mdogo wako."

"Aende akanywe kahawa mlimani."

Mwezi wa pili ilianguka theluji nzito, ile yenye maji, kila beleshi kama umenyanyua simenti. Nilikuwa nafua nikasikia Verona anapiga kelele nje, jina la Cyril tu, tena na tena. Nilipotoka nilimkuta amepiga magoti kwenye theluji na kandambili za ndani, amempakata Cyril kichwa. Uso wa mzee ulikuwa umekuwa rangi ya majivu. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likaja, tukalifuata.

Hospitalini walisema ni moyo, na walivyotusemesha taratibu tukaelewa kwamba hatapona. Alikuwa hai lakini hawezi kutamka neno. Verona aliniambia nimwite padre. Simu ya Padre Garrity iliita bila kupokelewa, nikaacha ujumbe, nikapiga tena. Alikuwa ng'ambo ya mto anazika mtu. Zamani nyumba ya mapadre ya Metodi ilikuwa na watatu. Ungegonga dirisha la jikoni na mmoja angetoka na mafuta matakatifu mfukoni kabla hujamaliza kueleza.

Verona akavuta kiti. Alisali sala za wanaokufa kwa Kislovakia, zile alizozisikia kwa mama yao, akikwama na kurudia pale alipokumbuka. Kisha akaacha sala, akainama karibu na sikio lake.

"Cyril, nakusemesha. Unanisikia? Ni mimi, nakusemesha."

Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kwake. Kama alimsikia, mimi siwezi kuapa. Alikata roho kabla ya chakula cha mchana kupita.

Padre Garrity alifika baadaye, suruali imelowa hadi magotini, ameshika kichupa cha mafuta. Alituona nyuso zetu, akakirudisha mfukoni.

"Umechelewa, padre," Verona akasema.

"Najua. Daraja lilikuwa limefungwa."

"Mlikuwa watatu nyie."

"Wawili niliwazika mimi mwenyewe, mama. Nyuma yao hakuja mtu."

Akakaa kwenye kiti kilichobaki, goti limenyooka mbele yake, akafunga macho. Nilidhani amesinzia. Verona ndiye aliyeanza tena, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia jambo la mtaani.

"Nilimwona dirishani. Aliweka beleshi chini, akakaa kwenye ngazi. Nikasema anajifanya amechoka ili nimwonee huruma. Nikaenda kuchemsha maji yangu. Niliporudi alikuwa amelala ubavu."

Padre alifungua macho. "Hicho ni kitubio, Verona?"

"Sijui. Ndivyo ilivyokuwa."

Padre akanyanyua mkono akasema maneno ya maondoleo ya dhambi, yote, bila haraka. Verona alimsubiri amalize.

"Sikuomba," akasema.

"Najua. Nami leo nilikuja na kitu cha kutoa."

Tulimwombea Cyril, sisi watatu, na nesi akasimama mlangoni akiinamisha kichwa.

Mazishi yalifanyika Kolumba, maana kwingine hakukuwepo. Verona alisimama kizingitini nyuma ya jeneza, nikadhani atarudi garini. Peg Mulvaney akamshika kiwiko. Verona aliutazama ule mkono kwa muda, lakini hakuuondoa. Wanawake wa mlimani walikuwa wametupikia nyama na viazi, vimepoa kidogo, na wakatuhudumia kwa adabu ya watu wasiotufahamu.

Sasa nampeleka Verona kule kila Jumapili. Peg alimwomba ajiunge na kwaya, akamjibu kwamba sauti yake imekwisha, na si kweli. Padre Garrity alipelekwa makao ya mapadre wazee baada ya Pasaka. Aliyekuja badala yake ana makanisa mengi zaidi na hajajua majina yetu. Jumapili ambazo hawezi kufika, shemasi anasoma Neno, tunagawiwa komunyo iliyobaki kutoka misa iliyopita, na mara tumeshatoka nje. Verona halalamiki. Anakaa na koti lake limefungwa vifungo hadi shingoni, na tukimaliza anasimama kando ya mlango, akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, anangoja nilete gari.