Kufuli la Ekidor

Kufuli alilolileta Ekidor kutoka Lodwar lilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, na alilishika mbele ya tumbo lake kama mtu aliyeshinda kikombe.

Mwaka huo wa 2013 serikali ya kaunti ilikuwa bado changa, na kila aliyepewa kiti alitafuta kitu cha kukalia. Ekidor alipewa uenyekiti wa kamati mpya ya maji ya chini ya ardhi. Akaamua kukalia kisima chetu.

Kisima hicho cha pampu kiko kando ya mto Tarach, nje ya Kakuma, na msimamizi wake ni shangazi yangu Akidor. Yeye ndiye husema nani ateke lini: mifugo yetu, kisha kina mama wa kambi ya wakimbizi, na mwenye mgonjwa wakati wowote. Kupangwa foleni utapangwa. Kutukanwa utatukanwa. Kunyimwa, hapana.

"Ejok," Ekidor alisalimu akishuka garini. Dereva aliegesha gari kwenye kivuli cha mgunga, na mbuzi wakajipenyeza chini yake mara moja.

"Ejok noi, mwanangu," shangazi alijibu. "Na hilo dude?"

"Mama, wataalamu wamesema maji ya chini ni ya wote. Kutoka Lorugum mpaka hapa ni beseni moja. Nyinyi mkivuta huku, Lodwar tunapungukiwa."

"Na nyinyi mkivuta kule?"

"Hayo ni matumizi yaliyopangwa."

Nyabol, mama wa Sudan Kusini anayeuza chai kambini, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Akidor, kumbe ni chai yangu inakausha Lodwar!"

Ekidor hakucheka. Aliuzungushia mkono wa pampu mnyororo, akabana kufuli. "Kuanzia leo anayetaka maji ataomba ruhusa Lodwar." Kisha akasimamisha lori lililokuwa likipita, akamkabidhi dereva wa lori hilo, Gitau, ufunguo autangulize ofisini Lodwar. "Nikibaki nao mfukoni," alituambia, "mtanililia mpaka niwafungulie."

Nilitazama ndoo tupu za Nyabol. Nilitazama ng'ombe wetu waliokwisha kunusa pampu. Jua la Turkana haliombi ruhusa popote. Nikaokota jiwe. Shangazi akanikanyaga mguu.

"Mgeni hajala," alisema.

Kwetu mgeni mkubwa huchinjiwa, na matumbo husomwa kabla nyama haijaguswa. Beberu mwekundu akavutwa mguu kutoka chini ya gari. Ekidor ana digrii na tai, lakini ni Mturkana. Matumbo yalipotandazwa alisogeza kiti chake kama sisi wote. Msomaji alikuwa Lochakapong, mzee mla tumbaku ambaye hajawahi kuona jambo zito asilichekee.

"Hii ni njia ya Lodwar," alisema akigusa utumbo kwa kijiti. "Na huyu hapa ni mtu mnene. Maskini, ana kiu."

"Kiu gani, mzee? Nina soda garini."

"Si ya koo lako."

Ekidor alicheka, lakini kicheko kilimwishia mdomoni. Akala mbavu, akafuta vidole, akapanda gari.

Gari halikuvuka hata mchanga wa mto mkavu. Lilitoa moshi mweupe, likanguruma, likanyamaza. Tukaenda kulisukuma kulirudisha, na njiani wimbo ukazaliwa, sisemi kinywani mwa nani. Wanawake waliudaka wakaupigia makofi:

*Kufuli umelifunga, ufunguo uko mbali,*
*Gari lako lina kiu, lalia kama fahali!*

"Mkubwa, bila maji haliendi," dereva wa Ekidor alimwambia.

"Mama, ndoo moja tu," Ekidor aliomba.

"Yaliyokuwemo ndooni yamepika nyama yako," Akidor alijibu. "Kisimani yamejaa. Omba ruhusa Lodwar."

Ekidor alimpigia Gitau, hapatikani. Akapiga ofisini, na sauti ikatoka kwenye simu tukaisikia wote: "Ruhusa ni ya mwenyekiti. Subiri arudi."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Basi ukirudi, mkubwa."

Hata ng'ombe walionekana kucheka. Ekidor alitazama gari, akatazama barabara, kisha akanyoosha mkono kwangu. Lile jiwe nilikuwa nalo bado. Nilimpa kwa heshima zote.

Alipiga kufuli mpaka shati likamganda mgongoni. Lilipokatika aliudaka mkono wa pampu, lakini Akidor alikuwa ameshaushika.

"Foleni, mwanangu. Ng'ombe, halafu Nyabol, halafu kamati."

Akasimama nyuma ya Nyabol na kidumu chake, tai begani. Ng'ombe walikunywa bila haraka. Mwishowe akasema, polepole, "Mama, zamu zibaki mikononi mwako. Nitawaeleza wenzangu."

"Waeleze. Na waambie hazijawahi kutoka."

Kidumu kilipojaa alimgeukia Lochakapong. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mzee, niambie kweli. Matumbo yalikuonyesha?"

Lochakapong alitema tumbaku. "Yalinionyesha. Yule beberu alikuwa akilamba maji yanayodondoka chini ya gari lako tangu ulipofika. Nilipompasua nikayakuta yamejaa tele, nikajua kwako yamepungua." Akampigapiga bega. "Ulisema mwenyewe, mwanangu. Beseni ni moja."