Mishono ya Barabara ya Barafu

Makar Sleptsov alikuwa na maringo ya aina moja tu, na maringo yenyewe yalikuwa na urefu wa mita mia saba. Hakuringia nyumba, maana nyumba yake ilikuwa ya chini kuliko zote pale mjini Tumul, pua na mdomo na mto. Hakuringia ng'ombe, maana ng'ombe wake wanne walikuwa wakaidi kama yeye. Aliringia barabara ya barafu aliyoijenga kila Desemba kuvuka mto, ambao watu wa Tumul waliuita Bibi, hadi ng'ambo, na ya mwaka huu, hata wasiompenda walikubali, haikuwa na kifani. Lori lililoleta boila jipya la kupashia shule joto lilipita juu yake na mzigo wote, na barafu haikulia hata kidogo. Makar alipaka rangi kibao kwa mkono wake, TANI 40, akakisimika katikati ya mto ili kila dereva akisome.

Barabara kama hiyo haijijengi. Unafagia theluji, unatoboa shimo, unapandisha maji kwa pampu, unayamwaga, unasubiri yagande, unamwaga tena, katika baridi inayokatisha vyuma. Kwa kawaida Makar aliacha kumwaga maji mwishoni mwa Februari. Mwaka huu alimwaga mpaka mwishoni mwa Machi, na sababu yake ilikuwa na uzito wa kilo sita. Binti yake Nariyana, aliyekaa makao makuu ya wilaya, kilomita arobaini kuteremka mto, upande wa pili, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Januari. Mtoto akapewa jina la Yegor, baba yake Makar, mtu wa kwanza kujenga barabara pale. Angeletwa mwanzoni mwa Mei, baridi ikishapungua, na Makar alitaka barafu ingoje mpaka siku hiyo.

"Mjukuu wangu atavuka kwa barabara ya babu yake," alikuwa akisema. Kama ulipita Tumul majira yale na hukuyasikia maneno hayo, basi ulikuwa kiziwi.

Mkewe, Fekla, ndiye aliyepima mto. Kwa miaka ishirini na sita alitoka kila asubuhi na keekee la kutobolea barafu na ufito wenye alama, akarudi na kuandika kwenye daftari lake kina cha maji, unene wa barafu, na mwishoni safu ya maelezo, ambamo siku zote aliandika "hakuna". Daftari lile halikumwonea mtu huruma wala halikumsifu mtu. Ndiyo maana Tumul nzima ililiamini kuliko redio.

Asubuhi moja katika wiki ya tatu ya Aprili Fekla aliingia ndani, akaegemeza keekee nyuma ya mlango, wala hakuvua koti.

"Mzee, weka kijiko chini."

"Kuna nini tena?"

"Barafu ya mto, juu na chini ya barabara, ni mita moja na robo. Jua limeshaanza kuila. Barabara yako ni mita mbili na sentimita kumi na moja."

Makar alitabasamu. Hakukusudia, lakini alitabasamu. "Mbili na kumi na moja," alirudia polepole, kama mtu anayeonja siagi mpya.

"Usinichekee hapa. Wiki ijayo Bibi ataamka. Barafu yote ya mto wa juu itashuka, itakuta ukuta, na ukuta umeujenga wewe. Itapandana, itakwama, na maji yatatafuta njia nyingine. Unaijua njia nyingine? Ni mlango huu hapa."

"Kila mwaka barabara inaondoka na mto."

"Kila mwaka unaacha kumwaga maji Februari."

"Utakuwa umekosea kupima."

Hilo ni neno ambalo hakuna aliyewahi kumwambia Fekla. Hakugomba. Alilichukua keekee nyuma ya mlango akamwekea mapajani. "Nenda kapime wewe."

Akaenda. Alitoboa karibu na kibao, akapima: mbili na kumi na moja. Akatoboa mbele zaidi: mbili na kumi na nne. Akatembea hatua thelathini nje ya barabara, akatoboa: moja na ishirini na nne. Akaketi juu ya theluji, keekee likiwa magotini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Makar alikuwa amekishona mwenyewe kwenye nguo ya watu mia nne. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto chini ya kofia. Halafu akamfikiria mtoto ambaye hajawahi kumbeba, na hapo haya ikageuka kuwa uchungu.

Mkutano ulikuwa ukumbini mwa shule mchana huohuo. Tuyaara, mwanamke aliyeuongoza mji ule na kulala saa chache kuliko mtu yeyote humo, alikuwa ameshapanga mambo: ng'ombe wapelekwe kilimani, magunia ya unga yapandishwe darini, kila nyumba ya chini ifunge mashua yake mlangoni. Alisema mashine ya wilaya ya kukatia barafu iko mji mwingine na haitafika kabla ya siku kumi. Kisha Fekla akasoma tarakimu zake. Watu wakatazama kila mahali isipokuwa alipokaa Makar.

Uibaan, mfugaji wa jirani, hakuweza kuvumilia. "Watu wa kwingine wanajenga ukuta wa kuzuia maji yasiingie mjini. Kaka Makar katujengea wa kuyaleta."

Walicheka, kicheko kikavu. Makar akasimama.

"Uibaan kasema kweli. Fekla naye hajakosea hata sentimita. Nilimwaga maji mpaka Machi kwa sababu nilitaka mjukuu wangu avuke. Sasa nisikilizeni kwanza, mtanicheka baadaye. Kicheko hakiozi." Akanyoosha mkono kuelekea mtoni. "Ile barabara sikuimwaga kwa mara moja. Ina vipande kumi na viwili. Kati ya kipande na kipande niliweka tuta la theluji, maji yasitoroke. Tuta likaganda, lakini barafu yake ni nyeupe, laini, ya theluji. Nyinyi mnaona kitu kimoja kigumu. Mimi najua kilipounganishwa. Aliyeshona ndiye anayejua pa kufumua."

"Siku ngapi, kaka?" Tuyaara aliuliza.

"Kila nyumba hapa ina msumeno wa barafu ya kunywa. Mkitoka wote, siku tano."

"Na mjukuu je?" Ilikuwa sauti ya Uibaan, na safari hii haikuwa na mzaha.

"Mjukuu atasubiri kivuko mwezi wa sita." Makar alisema hayo akitazama ukutani.

Misumeno hiyo hutolewa Novemba, watu wanapokata matofali ya barafu ya kuyeyusha na kunywa mpaka kiangazi. Hakuna aliyewahi kuitoa Aprili. Kesho yake ilitoka yote: ya walimu, ya muuguzi, ya wastaafu, mmoja ukiwa na mpini uliofungwa kwa ngozi ya farasi tangu enzi za babu wa mwenye nao. Majivu nayo yakatoka, maana Tumul haitupi majivu ya jiko ovyo. Kila nyumba ilileta magunia yake ya majira yote ya baridi, iyamwage pembeni mwa barabara ili jua liyeyushe barafu haraka. Makar alitangulia na ndoo ya majivu, akichora mstari mweusi kutoka ukingo hadi ukingo wa barabara bila kupima kwa kamba wala kwa hatua. Nyuma yake misumeno ikaanza kula.

Uibaan alimfuata karibu, shaka imemjaa. "Umejuaje kwamba ni hapa?"

"Hapa pampu iliganda, nikatukana mpaka jioni."

Uibaan akaukandamiza msumeno. Ukazama kwenye barafu nyeupe kama kisu kwenye mkate. Akaendelea kukata.

Kwenye mstari wa saba Makar alisita kidogo, kisha akachora mstari uliopinda.

"Na huu umelewa?" Uibaan aliuliza.

"Hapa ndipo nilipopigiwa simu kwamba Yegor amezaliwa. Niliweka tuta vibaya. Mkono mmoja ulishika simu."

"Tutaukata mwisho. Msumeno hautaki kona."

Siku ya tatu walikuwa watu mia mbili juu ya mto. Wanawake walileta chapati za maziwa zinazochuruzika siagi, na Tuyaara mwenyewe alikata mpaka viganja vikatoka malengelenge, akavifunga kitambaa na kuendelea. Mtu akaanzisha wimbo, na misumeno ikafuata mdundo wake. Makar, aliyekuja pale kama mshtakiwa, akajikuta akiulizwa kila baada ya dakika moja: kaka, hapa, kaka, kina gani, kaka, njoo uone. Hapo aliuona mji wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kutazama barafu tu, akajisikia fahari kubwa kuliko ile ya kibao.

Tuyaara alitaka misonobari michanga iliyosimikwa pande mbili za barabara kuonyesha njia ing'olewe, pamoja na kibao.

"Viache," Makar akamwambia. "Bibi avikute vimesimama."

Jioni ya siku ya tano Fekla alipima maji, akakuta yamepanda sentimita arobaini tangu mchana. Akapuliza filimbi, akawaamuru wote watoke kwenye barafu, na hakuna aliyebishana naye. Mishono yote ilikuwa imefumuliwa, isipokuwa ule uliopinda, uliokuwa umekatwa nusu.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, Bibi aliamka. Mji wote ulikuwa kilimani, na ng'ombe, na mbwa, na jiko la moto ambalo Fekla alilitupia siagi na kipande cha chapati kama sadaka, akinong'ona maneno ambayo si ya daftari. Barafu ya juu ilishuka ikinguruma, ikaigonga barabara.

Barabara ikasimama.

Ilisimama imenyooka, haikunyanyuka wala kupinda, na barafu ikaanza kupandana nyuma yake. Maji yakaingia uani kwa Makar, yakainua kuni, yakabeba uzio, yakakichukua kijumba cha kuogea alichojenga mwaka wa harusi yake, yakapanda ngazi ya kwanza ya mlango wake, ya pili. Ngazi zilikuwa nne. Nusu ya moyo wa Makar ilisema shikilia, kwa mazoea ya miaka thelathini. Nusu nyingine ilisema nenda, nakuomba, nenda.

Mshono wa kwanza ukaachia kwa mlio wa kitambaa kipya kinachochanwa. Ukafuata wa pili, wa tano, wa tisa. Vipande vikaanza kuondoka kimoja kimoja, vipana kama viwanja. Lakini viwili vya katikati vilikuwa bado vimeshikana, na vilipofika kwenye rasi chini ya mji vikakaa mkingamo, kimoja kikishika ukingo huu na kingine ule. Mto ukaziba. Maji yakafika ngazi ya tatu.

"Kaka," Uibaan alisema taratibu, "hivyo viwili ndivyo vile vya..."

"Vya Yegor."

Fekla akamshika mumewe mkono, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu tangu wawe vijana. Walisimama hivyo, na ngazi ya tatu ikatoweka. Kisha, pale pale mstari ulipopinda, palipowekwa vibaya kwa furaha, ukaonekana ufa mweusi. Ukatambaa mpaka upande wa pili. Kipande cha kwanza kikajigeuza, kikaponyoka, na cha pili kikafuata, na nyuma yao mto wote ukaenda kwa ngurumo iliyotikisa kilima.

Sasa waliviona vizuri vikiteremka: barafu safi isiyo na ufa hata mmoja, misonobari imesimama kulia na kushoto kana kwamba lori linatarajiwa, na juu ya kimoja kibao cha TANI 40, kimenyooka. Uibaan akavua kofia. Mtu wa pembeni yake naye akavua, na wa nyuma yake, mpaka kilima kizima kikawa vichwa wazi.

"Bado inabeba," Uibaan alisema. "Hata sasa."

Makar alilia, wala hakujificha. Maji yalishuka kabla ya jioni. Tumul haikupoteza hata ndama mmoja, na nyumba ya Makar ilibaki na tope kwenye ngazi ya tatu, ya nne kavu.

Kesho yake, walipokuwa wakikomba tope uani, simu ikalia. Nariyana alikuwa akipiga kelele kushinda upepo.

"Baba, uko wapi? Watu wote wa huku wametoka nje. Kuna vipande vya barafu vinapita, na miti imesimama pande mbili, kama barabara. Kimoja kina kibao."

"Kibao kinasemaje?" Makar aliuliza, ingawa alikuwa na rangi yake bado kwenye mkono wa koti.

"Tani arobaini."

"Yegor yuko wapi?"

"Nimembeba hapa, ukingoni. Anaitazama. Baba, anaicheka."

Makar akampa mkewe simu, akaenda kusimama nyuma ya banda la ng'ombe. Fekla aliongea na binti yake kwa muda mrefu. Alipomaliza aliingia ndani, akafungua daftari, akajaza kina cha maji na unene wa barafu wa siku ile, sifuri. Kwenye safu ya maelezo aliandika: "Barabara imefika."