Kakakuona Aliyeogeshwa

Chubu, chubu, chubu.

Kitu kilikuwa kikifikichwa majini nje ya dirisha, taratibu, kwa mikono isiyo na haraka. Kikakamuliwa. Matone yakaanguka karaini, mazito kwanza, kisha membamba. Boaz aliyasikia yote akiwa bado chini ya shuka, akatabasamu. Mama anafua shati langu la safari, aliwaza, na kwa mawazo hayo akajiona tayari yuko Geita, ameshuka kwenye pikipiki, watu wamemzunguka, na mzigo alioubeba unapokelewa kwa mikono miwili.

Alipotoka nje, shati lilikuwa palepale alipolitundika jana, kwenye msumari wa mlangoni, limekunjamana. Kilichoning'inia kwenye kamba ya nguo, kimebanwa mkia kwa vibanio, kichwa chini kama popo, kilikuwa ni Kaka.

"Mwangaluka, baba," Zipora, mama yake, alimsalimu bila kugeuka. Alikuwa akimwaga maji ya karai kwenye shina la mpapai, na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. "Mgeni wako alikuwa mchafu huyo! Maji nimebadilisha mpaka nimechoka. Sasa mtazame anavyong'aa."

Boaz alisogea kwenye kamba, akagusa mgongo wa Kaka.

Kaka alikuwa kakakuona wa kitambaa, urefu wake kama mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi vidoleni, tumbo limeshindiliwa pamba, mgongo umefunikwa magamba ya turubai yaliyoshonwa moja juu ya jingine kama vigae. Waendesha pikipiki wapenda safari walikuwa wakimpokezana nchi nzima, mkono kwa mkono, mji kwa mji. Sharti lilikuwa moja. Anayempokea humsugulia udongo wa mahali alipompokelea kwenye gamba lake moja, na kuanzia hapo hakuna mwenye ruhusa ya kumpangusa. Wekundu wa Njombe, weupe wa Dodoma, mchanga wa Lindi, weusi wa mbuga za Shinyanga: kila barabara ilikuwa na gamba lake. Safari yake ilianzia Geita, kwa fundi pikipiki aitwaye Mageni, na sasa ilibaki hatua moja tu arudi kwa huyohuyo Mageni.

Na Mageni alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimzimia taa wakati Kaka akiwa bado kusini. Katika kundi lao la simu aliwahi kutuma ujumbe wa sauti ambao kila mpanda pikipiki aliurudia kuusikiliza. "Mleteni," alisema. "Barabara ambazo sikuwahi kufika nitazipapasa kwa vidole."

Hizo ndizo barabara zilizomwagwa kwenye shina la mpapai.

"Mama," Boaz alisema mwishowe, na sauti ikapanda kama injini iliyong'olewa bomba la moshi. "Mama, umefanya nini?"

"Nimemwogesha."

"Nani alikutuma?"

Zipora aliweka karai chini. "Wewe. Jana umeingia hapa umempakata, ukasema, 'Mama, leo tumepata mgeni mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.' Mgeni aliyetoka safari, kwetu, hupewa maji ya kuoga kabla ya chakula. Unalijua hilo, umezaliwa humu. Nikakuta umelala, nikasema basi, alfajiri. Ningemwacha aondoke kwangu na vumbi la watu, huko aendako wangesemaje?"

"Ni mdoli, mama! Kitambaa na pamba!"

"Mbona jana hukusema kitambaa?"

Boaz alisema maneno ambayo mtu huliambia jiwe lililomwangukia mguuni, ila aliyesimama mbele yake hakuwa jiwe. Zipora alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa vibanio kimoja kimoja, akamkung'uta Kaka, akamkabidhi akiwa bado na unyevu tumboni.

"Nisamehe, ng'wanawane," alisema.

Mwanawe aliwasha pikipiki akaondoka, uji ukabaki unafuka mezani.

Mzigo ule aliupata kwa kuupigania. Kundini wenye pikipiki kubwa walimcheka waziwazi. "Bodaboda abebe Kaka? Atamtoza nauli!" aliandika mmoja. "Tena atampakia mshikaki, katikati ya mama muuza dagaa na gunia la mkaa," akadakia mwingine. Boaz aliwajibu wote, neno kwa neno, kwa vina, maana ulimi wake haukuwahi kulala njaa: kwamba barabara haiulizi ukubwa wa injini, na kwamba farasi wa kukopa si sawa na punda wako. Aliyemaliza ubishi alikuwa Heena, binti wa mzee Champaklal wa duka la vipuri, aliyemleta Kaka kutoka Singida kwa pikipiki ambayo kiti chake kilimfikia Boaz kiunoni. "Ninaye mimi, nampa nimtakaye," aliandika. "Boaz, njoo dukani." Na alipomkabidhi alimshika mkono kidogo zaidi ya kawaida. "Nimekusimamia, bwana. Wasije wakanicheka."

Sasa, juu ya pikipiki, Boaz alimwona Heena akilini mwake akichekwa. Alimwona pia yule fundi wa Geita, vidole vyake vikitembea juu ya turubai safi, vikitafuta. Akapata wazo. Aliiacha lami, akashika njia ya vumbi kupitia Solwa, akamfunga Kaka juu ya tangi bila kumfunika. Barabara yenyewe imvike upya.

Ilimvika, lakini vazi la rangi moja. Alipofika Mwakitolyo, Kaka alikuwa kahawia mwili mzima, kama mtu aliyezunguka nchi nzima bila kutoka uani kwao. Boaz akasimama kando ya machimbo. Pale nje ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, udongo ulirundikwa wa kila namna: mwekundu, wa manjano, na ule wa kijivu, laini kama unga, uliotoka kwenye makarasha ya kusagia mawe. Akachuchumaa, akaanza kazi. Gamba hili Njombe. Gamba hili Singida. Hili la kijivu, Dodoma.

"Oya, boda!" mchimbaji mmoja alimpigia kelele, amekalia ndoo, vumbi limemfanya mzee kabla ya wakati. "Mganga wako kakwambia umpake udongo wa duara la nani? Maana la kwetu halijatoa kitu tangu Pasaka!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Endeleeni na kazi zenu," Boaz alisema.

"Sisi tunachimba, wewe unafukia. Nani ana kazi hapo?"

Hakuwajibu, yeye ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulirudisha. "Udongo ni udongo," alijiambia alipopanda tena pikipiki. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililomuudhi njia nzima.

"Hiyo ni injini ya mia hamsini," sauti ilitoka uani kwa Mageni, Geita, kabla hajaizima. "Na mnyororo umelegea. Nani huyo?"

"Boaz, mzee. Wa Shinyanga. Shikamoo."

"Marahaba. Yule mwenye mdomo?"

"Ndiye, mzee."

"Nilidhani una pikipiki ya kulingana nao."

Mageni alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, mikono bado na weusi wa oili ambao hautoki hata mtu akistaafu. Alikalia kiti cha pikipiki kilichopigiliwa juu ya gogo. Binti yake, Violeth, alileta maji ya kunywa, akamwangalia Kaka, akasimama hapohapo na jagi mkononi.

Baba yake alinyoosha mikono. Yote miwili, kama ndotoni mwa Boaz. Akampokea, akamlaza mapajani, akaanza kumpapasa kutoka mkiani. Alivuta harufu. Akasugua kidole juu ya gamba, akakipeleka ulimini.

"Mzito huu. Violeth, ni mwekundu?"

"Mwekundu, baba."

"Njombe!" Alipiga paja. "Najua tu ni Njombe. Chai huku na huku, nasikia, baridi inakuingia kwenye mikono ya shati. Na huu? Mbona laini kama poda? Dodoma huu, msinifiche. Dodoma!"

Uso wake ulifunguka kama duka asubuhi. Violeth alisogea karibu na Boaz, akanong'ona, "Hajacheka hivi tangu macho yalipokwisha. Mungu akubariki, kaka yangu."

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa tayari kwenda sawa. Angekunywa maji yake, angepiga picha, Heena angeonea fahari uamuzi wake, na wale wa pikipiki kubwa wangefunga midomo. Hakuna aliyedhurika. Kinyume chake, mtu alikuwa amefurahi. Lakini kila kidole cha Mageni kilipopanda gamba jingine, Boaz alisikia sauti ya mama yake ikisema neno moja, bila utangulizi, bila kona: nimemwogesha. Yeye, mwenye maneno ya kujaza gunia, hakukumbuka siku aliyowahi kusema jambo kwa unyoofu wa namna ile.

"Siyo Dodoma, mzee."

Kidole kilisimama.

"Ni Mwakitolyo. Wote ni wa Mwakitolyo, wa leo. Mama yangu alimwogesha alfajiri, alimdhania mgeni wa kweli. Udongo wa watu wote ukatoka. Mimi nikaona haya, nikampaka huu wa uongo njiani."

Jagi lilitua chini kwa kishindo. "Si ungenyamaza!" Violeth alifoka. "Ungepungukiwa nini ukinyamaza?"

"Kwa sabuni?" Mageni aliuliza.

"Ya mche, mzee."

Kuku walipita katikati yao, wakirandaranda.

"Njombe nilikuwa nimeishika," Mageni alisema polepole, si kwa hasira, na hilo likawa baya zaidi. "Nilikuwa nimeishika mkononi, kijana." Alimgeuza Kaka kifudifudi. "Nenda."

Boaz alifika kwenye pikipiki. Aliweka ufunguo. Hakuuzungusha.

"Mzee, barabara za wengine sizijui," alisema, mgongo ukiwa bado umewageukia. "Ya leo ninayo."

Hakuna aliyemkubalia wala aliyemkataza, basi akaanza. Alianza vibaya, kwa vina na madaha, jua la dhahabu na kadhalika, mpaka akajisikia mwenyewe akanyamaza. Akaanza tena. Akasema kwamba baada ya Solwa kuna kalvati limevunjika upande mmoja, na watu wameweka tawi la mkakaya ili mgeni ajue. Akasema kuna mwanamke alikuwa ameanika choroko kando ya njia, akiwafukuza mbuzi kwa kuwatukana majina ya ukoo. Kuna ng'ombe wa pembe moja aliyegoma kupisha, na mchungaji wake naye akagoma kumlazimisha. Alipofika kwa mchimbaji na duara lisilotoa kitu tangu Pasaka, bega la Mageni lilitikisika.

"Subiri. Upepo ulitoka wapi?"

"Kushoto, mzee. Una harufu ya mvua ya mbali."

"Njia ikoje hapo?"

"Inashuka. Kuna kokoto. Halafu kona ndefu ya kulia, huioni mwisho wake."

"Ulipunguza gia?"

"Nilipunguza."

"Endelea."

Na Violeth, aliyekuwa bado amekunja uso, akaona kitu kilichomfanya aketi chini taratibu. Juu ya kile kiti kilichopigiliwa gogoni, mwili wa baba yake ulikuwa umelala kulia, goti limetanuka kidogo, ukiifuata kona.

Boaz alipomaliza, Mageni alipumua kama mtu aliyeshuka safarini.

"Mama yako ulimwambia nini?"

"Nilimfokea."

"Mpigie."

Boaz alipiga. Zipora alipopokea, kabla mwanawe hajapata pa kuanzia, Mageni alikuwa ameshanyoosha mkono kudai simu. "Mama Boaz? Mimi ndiye niliyekuwa namngoja yule mgeni. Amefika msafi. Wabeja sana, asante." Alisikiliza. Akacheka kwa sauti. "Hapana mama, hajala. Wala huyu wako hajala." Kisha akairudisha simu, na Boaz akaenda nayo nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Violeth akamsogezea sahani ya ugali.

"Mtu aliyerudi mikono mitupu hajarudi," Mageni alisema walipokuwa wakila. "Kaka hakai hapa. Biharamulo sijawahi kulala. Karagwe sijawahi kukanyaga. Violeth, kofia yangu ngumu iko wapi?"

"Baba! Wewe hujawahi hata kupakizwa. Ulikuwa ukisema ni afadhali utembee."

"Nitajifunza. Huyu kazi yake si ni kufundisha watu kukaa nyuma?"

Violeth alimtazama Boaz kwa muda mrefu, akimpima kama mtu apimaye kamba kabla ya kushuka nayo shimoni. Kisha akaingia ndani. Alitoka na kofia, akaipangusa kwa kanga, akamvalisha baba yake, akamfungia kishikizo chini ya kidevu. Kwa leo mzunguko mmoja tu wa mtaa, alisema, na kama akirudi mzima, ya kesho watayaona kesho.

Mageni aliipapasa pikipiki ya Boaz kuanzia taa ya nyuma, akapata kiti, akapanda. Akamweka Kaka katikati yao. Mikono yake haikujua pa kushika. Ilielea hewani, ikarudi magotini, mwishowe ikakamata mabega ya kijana.

"Ukiona shimo?" Mageni aliuliza.

"Nitasema shimo."

"Ukiona kitu kizuri?"

"Nitakisema, mzee. Kama kilivyo."

"Na ukiogopa?"

Boaz alishika usukani. Mtaa ulikuwa mbele yao, na watoto wameacha mpira wao kuja kutazama. Akageuza kichwa ili asikike vizuri, na Violeth pale kizingitini asikie.

"Nitasema, mzee. Nakuahidi. Hata nikiogopa, nitakwambia naogopa."