Udongo Mzito wa Mama Nyamburi

“—zito, Jeska! Zito kama jiwe la mizani, na ni kaudongo kadogo tu hivi, kanaenea kiganjani! Ngoja nivue viatu. Usicheke bwana, nimetoka hospitali sasa hivi, nimekuja mbio mpaka hapa kwako Mukendo, mate yamekauka. Nipe maji.

Haya. Si unamjua dada yangu Pelagia, aliyeolewa Mugeta? Ana mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka, hii ndiyo imekaa, nyumba nzima inaiombea rozari. Sasa jana nimefika kumsalimia, namkuta amepauka, analalamika tumbo linamsokota na choo hapati. Nikasema aa, mimba hiyo. Tukaanza hadithi zetu, akacheka. Jeska, alipocheka nikaona ufizi. Kuna kamstari keusi, kana ubuluu kwa mbali, kamepita pale jino linapoanzia. Mimi moyo paa! Kamstari kale nilikaonaga kwenye picha darasani, chuo cha madini. Ni ka watu waliokula risasi. Risasi ya madini, hii ya kuyeyusha.

Nikamuuliza, ‘Pela, unakula nini?’

‘Ugali wa muhogo na sato, kama wewe.’

‘Na nini tena?’

Akaona aibu. Akavuta kikapu uvunguni. Udongo! Si wajawazito wanakulaga udongo? Sawa, hata mama yetu alikula. Lakini huu ni mweupe, laini, unang'aa kwa ndani kama umemwagiwa kioo kilichosagwa. Nikaushika, ndipo mkono ukashuka wenyewe kwa uzito.

‘Umeutoa wapi?’

‘Ananileteaga mama mkwe. Eti mtamu kuliko ule wa sokoni. Na kweli mtamu.’

Mtamu! Nilitaka kulia hapo hapo.

Maana nilijua umetoka wapi. Ng'ambo ya Mugeta kuna mgodi wa zamani wa risasi, Wazungu waliuacha sisi hatujazaliwa. Sasa si unajua siku hizi ruksa, kila mtu anachimba, anauza. Machage, mdogo wake mama mkwe, yupo mle anafukua dhahabu. Risasi inakaaga kwenye mshipa wa lile jiwe jeupe gumu wanalolifuata, vipande vya mraba vinametameta. Ila ile iliyo juu, ikipigwa na mvua na hewa miaka na miaka, inageuka, inakuwa nyeupe, inavunjika vunjika. Machage anaitupa nje, takataka kwake. Dada yake akimpelekea chakula anaona udongo mzuri, anamchotea mkwewe. Kwa upendo kabisa!

Nikamwambia Pelagia, ‘Usile tena. Sumu hiyo.’

Akaniziba mdomo. ‘Nyamaza! Unataka nifukuzwe? Mimba mbili zimenitoka na huyu mama hajanisema hata siku moja. Leo nimwambie ananilisha sumu?’

Na ni kweli, Jeska. Kwa watu wetu ukimwambia mama mkwe amempa mke wa mwanawe sumu, umemwita mchawi, basi, ndoa imekwisha. Nikikaa kimya, mtoto ndiye anakwisha. Sikulala vizuri, nakwambia, nahesabu mabati.

Asubuhi Mama Nyamburi, ndiye huyo mkwe, anaingia na kikapu kingine! Kanisalimia vizuri, ‘Karibu mwanangu, msomi wetu.’ Akaniona naangalia udongo. ‘Unashangaa nini? Nyie wa shule mlikuwa mnakulaga chaki.’

Nikacheka. Nikasema, ‘Mama, naomba kipande kidogo. Nikuoneshe mchezo tuliofundishwa chuoni.’

‘Mchezo? Onesha.’

Nikatoa jiko nje, penye upepo wa ziwani. Pelagia nikamweka mbali, moshi usimfikie, naye ananikazia macho kama anataka kunimeza. Nikasaga kipande, nikachanganya na magadi ya jikoni, nikaweka kwenye kaa moja lenye kashimo. Nikakata kikonyo cha jani la papai, kile chenye tundu, nikapuliza. Napuliza, hakuna kitu. Mama anacheka, ‘Msomi anachoma matope!’ Napuliza, machozi yananitoka. Nikasema Yesu na Maria, kumbe nimekosea, nitaaibika bure.

Mara unga ukashuka, ukakusanyika. Katone kakatokea, kanang'aa, kanacheza juu ya kaa. Nikakadondosha chini, kakapoa, kakawa ka kijivu.

Mama Nyamburi akaacha kucheka. Yeye mtu wa rasi kule ziwani, baba yake mvuvi. Akakaokota, akakang'ata kwa pembeni, jino likaacha alama.

‘Hii si ndiyo tulikuwa tunafungaga chini ya nyavu?’

‘Ndiyo, mama.’

‘Imetoka kwenye udongo wangu?’

‘Ndiyo, mama.’

Neno sumu sikulitaja, Jeska. Naapa. Akamwangalia Pelagia, akaangalia lile tumbo, akaketi chini, khanga ikamwanguka begani. ‘Nimemlisha mtoto uzito wa nyavu,’ anasema. ‘Na yeye anakula tu, ananishukuru.’ Pelagia akaanza kulia. Mama akainuka, akamshika mkono, ‘Twende hospitali. Wewe msomi, beba kikapu, daktari akione.’

Tumekuja Musoma kwa lori la pamba. Daktari hakubisha. Amesema udongo marufuku, wamemlaza, wanamwangalia. Nesi akaweka kile kipembe cha kusikilizia tumboni, akasikiliza, akasikiliza, mimi nimekata pumzi… moyo wa mtoto unapiga. Ila hawaahidi kitu. Eti tungoje.

Nikadhani mama atapumzika. Wapi! Amekaa kwenye benchi, akaniambia taratibu, ‘Na Dafroza nilimpa. Na Ghati. Na kina mama wa jumuiya yote ya Mugeta wenye mimba.’ Kumbe ametafuna na yeye mwenyewe, ameonja kila kikapu!

Kesho baada ya misa anataka asimame mbele za watu aseme kwa mdomo wake. Mimi niende na kaa na magadi. Unafikiri watamwachia amalize? Hata mume wa Dafroza, yule mkali? Aa, usiniulize. Niwekee chai kwenye chupa kesho jioni, nikipita kwanza kwa Pelagia nakuja moja kwa moja, nikwambie walivyompokea.”