Mlango wa Mkwe

Mama Nasambu alikuja Nairobi kumwona mjukuu wake kwa majuma mawili tu, Elnino ikamfungia njia. Mvua ya mwaka ule haikuwa mvua ya kuulizwa inaisha lini. Ilibeba madaraja, ikakata barabara, na kila alipomtuma mtu kuulizia basi la Bungoma jibu lilikuwa moja: ngojeni. Basi akangoja, na akangojea kwa jirani aitwaye Truphena, kwa sababu chumba cha binti yake Triza hakuweza kukiingia. Kilikuwa chumba cha mkwewe, Lusweti.

Kwao, mama na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, wala mama hakanyagi mahali mkwewe anapolala. Kijijini heshima hiyo ni rahisi kuitunza, maana kuna shamba zima la mahindi katikati. Lakini katika ploti ya vyumba vya mabati nyuma ya mtaa wa Tena, watu wote wakitumia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja, heshima inataka akili. Lusweti akitaka kutoka alikohoa kwanza, na Nasambu akageukia ukuta mpaka viatu vipite. Jioni walisalimiana kupitia bati lililotenga vyumba viwili.

"Mmeshindaje, Mama?"

"Tumeshinda salama, Baba Jacky."

Hapo salamu zikaisha. Na usidhani hawakupendana. Kila mshahara Lusweti alimpelekea sukari na majani ya chai kupitia kwa Triza, na Nasambu alikuwa amemsifu kijijini mpaka wenzake wakachoka kusikia.

Kisha kipindupindu kikaingia. Maji taka yalifurika hadi milangoni, na bomba likaanza kutoa maji yenye rangi ya chai. Amri ikatoka kwamba vibanda vyote vya chakula vifungwe, na kibanda cha Triza, alichouzia wafanyakazi wa viwandani githeri ya mahindi na maharage, kikawa kuni za watu wengine. Kiwanda cha Lusweti nacho kikawaambia vibarua wapumzike nyumbani mpaka waitwe. Kumwaga unga ni kumwaga unga, hata ukiambiwa upumzike. Walikuwa bado wanatafakari watakula nini mtoto Jacklyne alipoanza kuhara. Triza alimfunga mgongoni, akakimbia naye hospitali ya mjini, na huko wakafungiwa wote wawili. Jamaa hawaruhusiwi kuingia, mama haruhusiwi kutoka.

Asubuhi iliyofuata Nasambu alisikia mlio wa kutapika upande wa pili wa bati, akajua hapohapo.

"Baba Jacky, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nimekula vibaya."

Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Jua lilipopanda hakuwa akienda tena. Nasambu alichemsha maji, akatia chumvi na sukari kama redio ilivyokuwa ikiimba kutwa, akasimama mlangoni pa mkwewe akiwa ameupa mlango mgongo, akanyoosha mkono nyuma.

"Shika, unywe."

Vidole vilivyopokea kikombe vilikuwa baridi na vimejikunja ngozi. Alimsikia akinywa, akamsikia akitapika. Halafu akasikia kitu kikijikokota sakafuni, mlango ukasukumwa, komeo likaingia.

"Unafunga kwa nini?"

"Nimejichafua, Mama. Msinione."

"Sitakuona. Nitafumba macho."

"Msinione, tafadhali."

Mwanamume anakufa, na nguvu aliyobakiwa nayo mwilini anaitumia kufunga mlango ili mama mkwe asimwone uchi. Ukiniuliza mimi nitakwambia huo ni upumbavu, lakini mimi sikulelewa naye. Nasambu alilelewa hivyo hivyo, na komeo liliposikika moyo wake ulishukuru kwanza, kabla ya kuogopa. Alishukuru kwamba mkwewe ana adabu. Shukrani hiyo ilimtafuna baadaye kuliko jambo lolote jingine.

Akaanza kutafuta mwanamume. Palihitajika mwanamume mmoja tu, wa kuvunja mlango, kumwosha na kumbeba. Zedekiah, mwenye mkokoteni, alikuwa ameketi uani akifunga gurudumu.

"Mathe, mimi niko na watoto," alisema bila kuinua macho. "Hiyo kitu inaambukiza. Mkokoteni chukua, sitaki hata ndururu. Lakini kumshika, zii."

Wengine hawakusema hata hayo, walifunga milango. Nasambu akajitanda leso, akapita kwenye matope mpaka mtaani Tena penyewe, kwa Mzee Caleb, baba mdogo wa Lusweti. Huyu alikuwa karani mwenye nyumba ya mawe na geti la chuma. Ndiye aliyeongoza wazee wa upande wao siku ng'ombe wa mahari walipokwenda kwa Nasambu, na mambo ya mila aliyajua mpaka vifungu vyake. Alifungua kidirisha cha geti, akabaki ndani.

"Nimesikia, mkwe wetu. Nimesikitika sana. Nitakuja kesho nikishapanga mambo."

"Kesho utakuta maiti."

"Basi tafuta wanaume wa hapo kwenu."

"Nimetafuta. Hakuna. Nimebaki mimi."

Caleb alisogeza uso karibu na kidirisha. "Wewe usiingie. Usijidanganye kwamba hakuna anayeona. Ukimwona mkwe wako uchi, umeharibu nyumba ya binti yako. Watoto wao hawatakaa. Na mmoja yuko hospitali sasa hivi tunavyozungumza, au siyo?"

Kidirisha kikafungwa, taratibu, kwa heshima.

Nasambu alirudi. Maneno yale yalikuwa yamemkata maini, kwa sababu aliyaamini. Hakuwa mwanamke wa kucheka mila mbele za watu na kuziogopa gizani. Aliziogopa mchana kweupe. Akimwacha Lusweti, anamfanya binti yake mjane. Akiingia, ni yeye bibi anayemuua Jacklyne kwa macho yake. Alilia njia nzima, akiomba kwa sauti kama mtu aliyechanganyikiwa, na waliokutana naye wakampisha.

Alipofika aliweka sikio kwenye bati.

"Baba Jacky."

Kimya.

"Baba Jacky, nijibu."

Kikatoka kitu ambacho hakikuwa sauti ya mtu mzima. "Maji."

Truphena alikuwa amesimama nyuma yake na mtarimbo aliouazima kwa fundi. Hakumpa. Aliuegemeza tu ukutani, akaondoka hatua chache, maana alijua jambo lile si la kushauriwa na jirani. Nasambu aliutazama. Kisha akamwambia Mungu waziwazi kwamba kama kuna laana, impate yeye, yeye amekwisha kula ujana wake, mtoto asiguswe. Akapiga moyo konde, akapachika ncha ya chuma kwenye bawaba, akaegemea kwa uzito wake wote. Bati likalia, mbao zikapasuka, mlango ukaanguka ndani.

Sitaeleza alichokuta sakafuni. Aliyewahi kuuguza kipindupindu anajua, na ambaye hajawahi na asijue. Nasambu aliahidi kufumba macho lakini hakufumba, kwa sababu huwezi kumwosha mtu kwa kupapasa. Lusweti alipoona ni yeye aliinua mikono, na jambo la ajabu ni kwamba hakujifunika mwili. Alijifunika uso.

"Funua uso unywe," Nasambu akamwambia, na sauti ikamtoka kali, ya mama mwenye haraka.

Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akamwosha, akamvika leso yake mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na nguo safi. Yeye na Truphena wakambeba hadi kwenye mkokoteni wa Zedekiah. Mmoja alivuta, mwingine alisukuma, magurudumu yakizama kwenye matope, wakampita Zedekiah aliyegeuza uso. Kwenye uwanja kando ya zahanati palikuwa na hema la wagonjwa wa kipindupindu. Muuguzi aliyeitwa Annah alitafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena, akasema jinsi wauguzi wanavyosema, "Mbona mmemchelewesha hivi?"

Dripu ikaanza kudondoka. Akaketi chini kando ya kitanda, akimwangalia mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote hiyo hakuwa amelijua.

Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mzee akiomba aoshwe, na hapakuwa na wa kumwosha, maana Annah alikuwa na mkono mmoja huku na mwingine kule. Nasambu alivumilia kwa muda, halafu akainuka. Aliyekwisha kumwosha mkwewe anamwogopa nani? Akamwosha yule mzee, akafua mashuka, akamwosha pia mwanamke wa kitanda cha tatu. Kulipopambazuka Lusweti alifumbua macho, akamwona, akageukia upande wa turubai.

Ndivyo Nasambu alivyopata kazi. Annah alimwandikisha kibarua, wakampa aproni na gambuti zilizomzidi. Mwisho wa juma akapokea mshahara wake wa kwanza tangu azaliwe, naye ni bibi mwenye mvi. Kwa fedha hiyo ndipo unga ulipopatikana hata wote walipokwisha kurudi nyumbani, kwani Triza hakuwa na kibanda na Lusweti hakuwa na nguvu ya kuinua hata ndoo. Nasambu alifurahi na akaona haya kufurahi. Kila asubuhi aliomba ugonjwa uishe, kisha akakumbuka kwamba ukiisha na kazi imekwisha, akakatiza sala. Zedekiah aliletwa hemani kwa mkokoteni wake mwenyewe. Nasambu alimwosha akiwa hai, akamwosha tena alipokata roho. Watoto wake walikuwa wamesimama nje ya kamba iliyozungushiwa hema.

Siku zote hizo alisubiri habari ya Jacklyne jinsi mtu anavyosubiri kupigwa. Sauti ikipanda uani, moyo ulimlipuka. Akashindwa kula. Basi siku Triza alipoingia ploti akiwa na mtoto mgongoni, amekonda lakini anadai mkate, Nasambu aliketi matopeni na gambuti zake, akalia mpaka mtoto naye akaanza kulia.

Ungefikiri hapo yamekwisha. Hayakwisha. Lusweti alirudishwa nyumbani, na ule ukuta wa bati ukanyamaza. Jioni Nasambu alisubiri salamu, hakuna. Alisikia mkwewe akizungumza na Triza kwa sauti ya chini, na yeye akithubutu kukohoa upande wake, sauti ile ikakatika. Alielewa. Alikuwa ameokoa mwili wake na kumpokonya uso wake. Alikwenda kazini akiwa na uchungu huo, akarudi nao, na hakumlaumu.

Jumapili moja Mzee Caleb akaja, amevaa koti, amebeba mkate. Mlango uliovunjwa ulikuwa bado umeegemezwa tu, kwa hivyo Nasambu, aliyekuwa uani akianika aproni, alisikia kila neno. Caleb alimshukuru Mungu kwa muda mrefu. Halafu akasema barabara imefunguka, mabasi yanakwenda, na mama huyu apande la kesho. Kondoo wa tambiko watafutwe pande zote mbili. Mpaka hapo nyumba itakaposafishwa, yeye na Lusweti wasionane hata kivuli. Amefanya jambo zito, na yeye Caleb alimkanya kwa mdomo wake.

Triza alitaka kusema, Lusweti akamshika mkono. Nasambu alikuwa ameanza kuikunja aproni ingali mbichi, ajiandae kwa safari.

"Mama," Lusweti akaita. Hakuita kupitia ukuta, aliita kupitia mlango. "Mama, njooni ndani."

Hakusogea.

"Baba, mimi mila sikuivunja," Lusweti alisema, na sauti yake ilikuwa bado nyembamba ya mgonjwa. "Niliifunga kwa komeo nikalala nayo sakafuni. Nilikuwa nakufa na adabu zangu zote. Ninyi mlipoitwa mlisema kesho. Nimeona haya siku zote hizi kumtazama, nikidhani ni kwa sababu aliniona uchi. Sasa ndiyo najua. Naona haya kwa sababu nilimfungia mlango mtu pekee aliyekuja." Akapumua. "Kondoo nitanunua nikipata kazi, nichinje, tule wote. Lakini kesho haendi popote. Kesho ana zamu."

Caleb alitazama kofia yake. Nasambu alivua gambuti zake nje, akapita mahali pa mlango, miguu mitupu. Kiti kilikuwa kimoja na Caleb alikuwa amekikalia. Lusweti akajisogeza kando, taratibu, akapapasa blanketi kuonyesha nafasi, na Mama Nasambu akaketi kitandani pa mkwewe.